Soksi Ndani ya Kopo

Bando la wiki nzima liliisha asubuhi moja kabla chai haijachemka, na data ilikuwa imezimwa.

Fundi friji aliigeuza simu huku na huku. Kwenye bando alikuwa mbahili wa kutupwa: ramani alizipakua mapema, video hakuzigusa, data aliiwasha akiwa na shida nayo tu. Akafungua sehemu ya matumizi. Ramani ya mchezo wake ndiyo iliyokula bando lote.

"Uliichukua simu yangu?" akamuuliza mkewe.

"Niifanyie nini?" Mkewe hakuinua macho kwenye mashine yake ya kufuma masweta. "Muulize huyo unayechati naye."

Yakaishia hapo, kama yalivyoishia mambo yao yote tangu wamzike binti yao, mtoto wa wiki chache tu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kusaka makopo. Watu wasiojuana huyaficha kwenye nyufa za kuta na chini ya madaraja, huweka alama kwenye ramani, nawe unafuata mshale wa simu mpaka uyapate. Ukishaipakua ramani, mshale hauli bando. Ukichukua kitu koponi, unaacha kingine. Fundi aliuanza ili apate pa kwenda, maana nyumbani palikuwa pamepoa mno.

Jumapili iliyopita mshale ulimpeleka kwenye tangi la maji lililoachwa nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Kopo lilikuwa na kutu, na ndani yake ushanga mmoja mweusi. Akauchukua. Kisha akatoa mfukoni soksi ya mtoto, ile aliyoifuma mkewe, ile aliyokuwa akilala nayo puani kila siku. Fundi alikuwa ameichomoa chini ya mto wa mkewe kimyakimya. Alijiambia anamsaidia asahau. Akaisokomeza koponi, akafunga.

Mkewe alipindua godoro na makabati akiitafuta. "Labda panya wameibeba," fundi akamwambia, akaenda zake kazini.

Aliponunua bando jingine, alama ya lile kopo haikuwa tena kwenye tangi. Ilikuwa kwenye daraja la reli. Akadhani ramani imechanganyikiwa. Kesho yake ikawa sokoni. Halafu nyuma ya banda lake la kazi. Akaizima simu kabisa, akaifungia kwenye sanduku la spana, na alipoiwasha tena bando lilikuwa limekauka na alama ilikuwa kwenye kona ya mtaa wake mwenyewe.

Akaizima tena, akakimbia nyumbani. Mlango ulikuwa wazi, mashine ya kufuma kimya, na ndani mlinuka maziwa yaliyochacha na maji ya kutu, na alipokuwa akipita ukumbini, akiita "Mke wangu! Mke wangu!" bila kuitikiwa, alisikia matone yakidondoka kwenye sakafu iliyokuwa kavu, yakimfuata nyuma hatua kwa hatua, mpaka akafika mlango wa chumbani uliofungwa kwa ndani, na simu mfukoni mwake, ambayo alikuwa na hakika ameizima, ikasema kwa ile sauti pole ya mwanamke wa ramani: "Umefika."

Alirudi na mganga, mama mtu mzima wa mtaa wa pili. Yule mama alisimama kizingitini, akanusa.

"Ulitoa nini?" akanong'ona.

Fundi akamweleza yote. Mganga akaupokea ule ushanga kwa ncha ya kanga.

"Jini jike hili. Ulichukua chake, ukampa soksi ya mwanao. Kwake yeye, umemkabidhi nafasi ya mtoto. Sasa kahamia hapa, aitwe mtoto."

Wakachungulia kwenye tundu la ufunguo. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, blauzi imelowa maziwa, na mikononi amepakata shuka lililokunjwa. Soksi ilichomoza kwenye lile shuka. Ilikuwa ikitikisika, kama mguu unaochezacheza.

"Mtoe, mama, nakuomba."

"Nitamtoa. Ila lazima kwanza nimtenge na marehemu. Nitajie jina la mtoto. Upesi, kwa sababu akishaliitikia yeye, ni lake, nami sina tena uwezo."

Fundi akakitikisa kitasa cha mlango.

"Jina, baba."

"Mama yake ndiye aliyempa," akasema. "Kule wodini. Mimi... baada ya mazishi nilisema tusimtaje."

Mganga akageuza uso. Fundi akaegemeza paji la uso mlangoni.

"Mke wangu. Niambie jina lake."

"Nilikwambia." Sauti ilitoka ndani, tulivu. "Nilikwambia siku ya kwanza, ukasema mhm. Nikakwambia tena siku tunaruhusiwa. Ulikuwa unaangalia simu."

"Nisamehe. Niambie mara hii tu."

"Wewe si ulisema tusimtaje?"

Halafu mkewe akaliita lile jina, taratibu, lakini hakumwambia yeye. Aliliita kuelekea kwenye shuka. Lilikuwa jina zuri, na fundi akalisikia vizuri, kila herufi.

"Abee, mama," ikaitika sauti ya mtu mzima kutoka ndani ya shuka.

Mganga akaokota mkoba wake. Na kule chumbani, kwa mara ya kwanza tangu wazike, mkewe akacheka.