Shefu Asiye na Namba

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wa mtaa mmoja wa Kanyosha walikusanyika kando ya mashine ya kusaga mihogo. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda peke yake. Mwaka ule wa 1998 vita vilikuwa bado milimani, juu ya mji wa Bujumbura, na mara kwa mara milio ya risasi ilisikika hadi mitaani. Siku moja watoto waliisikia wakiwa njiani, wakatawanyika, na mmoja wao hakupatikana mpaka jioni. Tangu siku hiyo wazazi waliagiza kwamba watoto waende na kurudi kwa mstari mmoja, na kwamba kila mtoto awe na namba yake.

Kiongozi wa mstari, ambaye watoto walimwita Shefu, alikuwa Orpha, msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita. Alipopuliza filimbi, watoto walitaja namba zao kwa sauti, kuanzia Houda, mtoto wa miaka saba aliyesimama mbele, hadi Ilyasi, mvulana wa miaka kumi na miwili aliyefunga mstari.

"Moja!" aliita Houda.

Ilipofika zamu ya Prodige, ambaye hakuweza kumaliza asubuhi bila mzaha, alisema, "Saba na nusu!"

"Saba peke yake," Orpha alimkemea.

"Ndiyo, Shefu! Ile nusu nimeiacha nyumbani, inakula uji."

Watoto walicheka. Namba ziliendelea hadi Ilyasi alipoita, "Kumi na moja!" Hesabu hiyo ilifanywa mara tatu: penye mashine, darajani palipokuwa na kizuizi cha askari, na kwenye lango la shule.

Orpha aliifanya kazi yake kwa moyo wote. Aliamka saa kumi alfajiri ili asichelewe. Aliubeba mkoba wa Houda juu ya wake. Wakati wa mapumziko, wenzake walipocheza, yeye alizunguka darasa kwa darasa kuhakikisha kwamba watoto wake wote wapo. Usiku alilala macho, akisikiliza milima.

"Dada Orpha, nipe filimbi siku moja tu," Ilyasi alimwambia. "Wewe utembee kama sisi."

"Hapana. Wazazi walinichagua mimi."

"Walikuchagua uongoze. Hawakusema usipumzike."

"We Ilyasi, shika nafasi yako!"

Mfano wake ulikuwa mama yake, Consolate, muuguzi mkuu wa zahanati ya mtaa. Kila alasiri Orpha alimpelekea chakula, na mara nyingi aliikuta sahani ya jana haijaguswa. Ukutani ilibandikwa karatasi ya zamu, yenye majina ya wauguzi na siku zao za mapumziko. Jina la Consolate halikuwemo. Astère, muuguzi mwenzake, alipomhimiza apumzike, alijibu, "Nikiondoka mimi, nani atawaangalia wagonjwa hawa?" Orpha aliyasikia maneno hayo, akayaweka moyoni.

Jumatano moja jioni Orpha alianza kutetemeka, na viungo vyote vikamuuma. Mama yake alirudi akiwa amevimba miguu, akasinzia kitini kabla ya kuvua viatu. Orpha alimvua viatu taratibu. "Nikisema naumwa," aliwaza, "kesho mstari utaongozwa na nani?"

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, milio mizito ilisikika kutoka milimani. Shule ikawaruhusu wanafunzi mapema. Orpha aliupanga mstari, akatoa amri moja: "Twendeni haraka, na mtu yeyote asigeuke nyuma!" Yeye alibaki nyuma kabisa ili pasiwe na mtoto atakayechelewa. Jua lilimwaka kichwani, naye alihisi baridi. Karibu na daraja, penye rundo la matofali, alipepesuka. Alijishikilia kwenye matofali. "Nipate pumzi kidogo tu," alijiambia, akaketi chini. Hakuweza kusimama tena.

Mstari ulifika darajani. Zamu ile alikuwepo askari mgeni, asiyewafahamu.

"Haraka! Nafunga njia. Mko wote?"

Houda hakungoja filimbi. "Moja!" aliita, na wengine wakafuata, hadi Ilyasi alipoita kumi na moja. Hesabu ilitimia. Watoto walivuka, na kizuizi kikashushwa nyuma yao.

Penye mashine walisimama kungojea filimbi ya kuwaruhusu waende nyumbani. Haikulia.

"Shefu amelala?" Prodige aliuliza. Wachache walicheka. Ilyasi aligeuka, naye aliiona barabara tupu.

"Lakini tumehesabu!" mmoja alilia. "Tulikuwa sawasawa!"

"Dada Orpha hana namba," alisema Houda kwa sauti ndogo.

Ilyasi alitamani kukimbia kurudi darajani, ila alikumbuka agizo la wazazi. "Mtu asiondoke peke yake," alisema. "Ninyi bakini hapa na baba mwenye mashine. Prodige, tufuatane zahanati."

Consolate alikuwa akimfunga mgonjwa kidonda waliposimama mlangoni wakihema.

"Mama Orpha, tumevuka daraja, Orpha hakuvuka."

Consolate aliiweka bandeji mkononi mwa Astère, akatoka mbio hadi darajani.

"Mama, njia imefungwa," askari alimwambia.

"Mwanangu, mtoto wangu yuko ng'ambo. Nifungulie."

Askari aliitazama milima. Milio ilikuwa imetulia. Aliinua kizuizi, akafuatana naye. Walitembea wakiita, hawakujibiwa. Mwishowe, kutoka nyuma ya rundo la matofali, ilisikika filimbi, hafifu, mara moja tu. Orpha alikuwa hana nguvu ya kusema. Alichoweza ni kupuliza.

Aliamka kitandani zahanati, akiwa ametundikiwa chupa ya dawa ya malaria.

"Mama, watoto wako wapi? Nimempoteza nani?"

"Watoto wote kumi na mmoja wamefika. Tuliyempoteza ni wewe."

Orpha alilia. "Sikutaka kushindwa kazi, Mama. Na wewe hupumziki. Jina lako halimo katika karatasi ile."

Consolate alitazama vitanda. Kwa muda wote aliokuwa nje, Astère alikuwa amefunga vidonda, amegawa dawa, na hakuna mgonjwa aliyeachwa bila kuhudumiwa. Consolate alisimama, akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya majina mengine, na mbele yake akaandika: Jumapili.

"Ndiyo hivyo!" Astère alisema. "Nimekuomba miezi minane, Mama Orpha. Mtoto amekuomba mara moja."

Consolate aliketi tena kando ya kitanda. "Kosa hili umelijifunza kwangu, mwanangu, nami nakuomba radhi. Kuwatunza watu ni kazi njema, na wewe uliifanya kwa bidii. Lakini kiongozi naye ni mmoja wa watu anaopaswa kuwatunza. Akiumwa, aseme. Akichoka, ampe mwenzake kazi mapema, kabla hajaanguka. Ilyasi leo amewaongoza wenzake vizuri. Ungemfundisha tangu mwanzo, ungekuwa umelala kitandani kwako, na mimi nisingekutafuta barabarani."

Wiki mbili baadaye, filimbi ililia tena penye mashine. Siku hiyo ilikuwa mdomoni mwa Ilyasi, kwa maana yeye na Orpha walikuwa wamegawana siku za wiki. Houda alibeba mkoba wake mwenyewe.

"Moja!" Namba zilipita mdomo kwa mdomo hadi kumi na moja, kisha watoto wote wakamgeukia Orpha.

"Shefu," Prodige alinong'ona, "tunakungoja wewe."

Orpha alitabasamu, akainua kichwa.

"Kumi na mbili!"