Pijo ya Mzee Ferdinandi

Treni ya Kigoma ilikuwa imeingia, abiria na wachukuzi wanapigana vikumbo stesheni ya Tabora. Marsiana, katika gauni la kitenge cha manjano, alikuwa akipakia madumu ya asali ya dukani kwake kwenye gari lake, Pijo kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake, Mzee Ferdinandi. Nyuma yake kikaunguruma kigari chekundu cha viti viwili, kifupi, kimelala karibu na lami.

"Dada, gari hilo unauza?"

"Hata kukuazima siwezi. Na hicho chako ni gari au kiatu?"

Kijana alicheka mpaka akashuka. Aliitwa Vedasto, mgeni kutoka Dar, shati jeupe la kitani, manukato yananukia kabla hajafika.

Jumapili wakaenda matembezi Kwihara, nje kidogo ya mji, wakabadilishana magari. Kigari kilikuwa chepesi mno. Marsiana aligusa mafuta tu kikaruka, kila kokoto akalisikia mgongoni, akapiga kelele kwa raha. Vedasto alimfuata taratibu na Pijo, usukani mzito, mashimo yote yanamezwa, yeye amekaa kama yuko sebuleni.

"Chako kinanirusha roho," Marsiana alisema.

"Lako linanibembeleza, mpenzi. Kama mwenyewe."

Basi kila asubuhi simu ikawa inaita. "Umeamkaje, malkia?" Na Marsiana, ambaye mtaa mzima ulikwishazoea kumwita shangazi, akaanza kupaka wanja. Mama yake, Bi Koleta, akapanga siku ya pete.

Siku chache kabla, Vedasto aliongea kwa simu uani kwa Bi Koleta, hajui kwamba Marsiana yuko jikoni, dirisha wazi.

"Kaka, vigari vyepesi viko tele. Mnunuzi anataka la zamani, bodi yake ileile. Nikimvisha pete, funguo atanipa mwenyewe. Yeye? Nitamwacha hukuhuku na asali yake!"

Marsiana alimaliza kukoroga chai, akampelekea.

"Sukari imekolea, mpenzi?"

"Tamu kama wewe."

Siku ya pete ndugu walijaa sebuleni. Marsiana alivaa satini ya kijani. Vedasto akapiga goti.

"Ngoja," Marsiana alisema. "Gari la baba nimeliuza."

"Kwa nani?"

"Watu wa chuma chakavu. Jana wamelikata kwa gesi."

Uso ukamsawajika. "Lote? Injini je? Milango?"

"Huniulizi kwa nini?"

"Milango, Marsiana!"

Marsiana akawageukia ndugu, anatabasamu. "Mmemwona mchumba wangu? Analia. Mwulizeni anamlilia nani."

Shangazi mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Vedasto aliinuka, vumbi gotini, akatoka katikati ya vicheko hivyo. Kigari kikanguruma, kikapotea.

Bi Koleta alimvuta bintiye pembeni. "Ungemfukuza tu, mwanangu. Lile gari lilikuwa la baba yako!"

"Angeondoka anacheka, mama."

Akaingia chumbani, akajifungia. Kicheko cha sebuleni kilikatika ndugu walipomsikia akilia na kumwita baba yake.