Heroe Wangu Simfuti

Likizo ya Juni kwetu Nangara si ya kulala. Saa kumi na mbili asubuhi mama ameshaniita mara mbili, na mara ya tatu haiti, anakuja mwenyewe. Nafagia uwanja, nachota maji, nakunywa chai na kiporo cha viazi vitamu. Ikiwa ni Jumamosi nachukua daftari langu na kwenda kwenye matembezi ya klabu yetu ya mazingira.

"Hao ndege wenu watakupikia ugali?" mama alinitania siku moja.

"Hawapiki, mama, lakini angalau hawanitumi maji," nilimjibu, nikatoka mbio kabla mwiko haujanifikia.

Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja pamoja na Mwalimu Natalia. Tulipita katikati ya mashamba ya mbaazi na alizeti mpaka karibu na ziwa. Kila mmoja aliandika ndege na wadudu aliowaona, mahali walipokuwa na walichokuwa wakifanya. Sheria ilikuwa moja: usichokiona kwa macho yako, usikiandike. Ukibuni mstari, unapoteza ukurasa mzima wa siku hiyo. Mwisho wa likizo, mwenye aina nyingi kuliko wote angekaa na darubini ya klabu muhula mzima.

Niliitaka darubini ile, jamani! Niliitaka mpaka nikaiota. Tatizo lilikuwa Theophil, jirani yetu, mvulana mwenye macho makali na majivuno makubwa zaidi. Wiki ya tatu alikuwa na aina thelathini, mimi ishirini na tisa.

Jioni ya Jumamosi hiyo nilikaa nyumbani nikafungua daftari. Nikaandika: "Vunjajungu. Kwenye mbaazi. Anakula panzi." Sikuwa nimemwona. Binamu yangu alinisimulia tu kwamba yeye alimwona shambani kwao. Nikajiambia, nani atajua?

Jumamosi iliyofuata, kabla hatujaondoka, Mwalimu Natalia alipitia madaftari. Alipofika kwenye mstari wangu akausoma kwa sauti. "Hayo ndiyo macho ninayoyataka!" alisema. Wenzangu wakanipigia makofi. Nilicheka nao, ingawa masikio yaliniwaka moto.

Basi siku hiyohiyo ndiyo nikamwona heroe.

Tulikuwa tumefika ziwani. Kiboko alikoroma kwenye matete ya mbali, wote wakakimbilia juu ya kichuguu kumtazama. Mimi nilibaki nyuma nikitoa mwiba kwenye kandambili. Nilipoinua kichwa, kwenye maji ya kina kifupi alisimama ndege mmoja wa rangi ya waridi, miguu myembamba kama fito. Aliingiza kichwa majini juu chini, akawa anakipeleka huku na huku kama mtu anayepepeta mchele. Heroe! Wengine mnamwita flamingo. Nilipiga kelele kuwaita wenzangu, lakini walipogeuka alikuwa ameshatoweka nyuma ya matete.

"Umeota," Theophil alisema. "Huyo ni yangeyange."

"Yangeyange ni mweupe, Theophil. Nyeupe naijua."

Mwalimu alisoma nilichoandika, akatikisa kichwa kwa upole. "Coletha, heroe wanapenda maji ya magadi, kama ya Ziwa Manyara. Hapa kwetu ni maji baridi. Mwanga wa asubuhi humdanganya mtu. Futa huo mstari."

"Simfuti, mwalimu."

Wenzangu waligeuka kunitazama. Hata mimi nilishtuka kusikia sauti yangu.

"Unasemaje?"

"Samahani, mwalimu, lakini heroe wangu simfuti. Nimemwona. Nikimfuta nitakuwa nimesema uongo."

Nilipolitamka neno hilo la uongo, nilimkumbuka vunjajungu wangu. Mwalimu alinirudishia daftari. "Haya. Hadi Jumamosi ijayo nitafutie mtu mwingine aliyemwona. Usipompata, utafuta mwenyewe."

Wiki ile nilitaniwa mpaka nikakoma. Nikienda dukani, "Heroe huyo!" Nikienda bombani, "Mpisheni heroe!" Nami nikazidi kukaza shingo. Kila nilipomaliza kazi za nyumbani nilikwenda ziwani, nikasimama mbali na matete kwa kuogopa viboko, nikatazama. Sikuona kitu.

Siku ya tano nilimkuta Mzee Nestory wa kijiji cha Nakwa akinywesha ng'ombe wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe mtoto, mbona unazunguka hapa kila siku? Umepoteza mbuzi?"

"Nimepoteza ndege, babu."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Nikamwuliza kama ameona ndege yeyote mgeni pale ziwani. Sikumtajia rangi.

"Si yule mwekundu-mwekundu, anakula kichwa kikiwa chini juu?" akasema. "Nimemwona siku mbili. Hata ng'ombe walimshangaa."

Nusura nimrukie shingoni. "Babu, utakuja kumwambia mwalimu wangu?"

"Nitakuja. Kwa nini nisije?"

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho. Mwalimu alipohesabu, nilikuwa nimempita Theophil kwa mstari mmoja tu, na bila heroe tungelingana. Mzee Nestory akaja, shuka begani, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amewaacha ng'ombe wake kwa jirani ili tu aje kunisemea. Alimweleza mwalimu yote: rangi, miguu, kichwa kinavyoingia majini.

"Basi nimekosea mimi," Mwalimu Natalia alisema. "Coletha, nisamehe."

Theophil akatazama vidole vya miguu yake. Nilikuwa nimeshinda! Ndipo mzee akaongeza, "Mwalimu, mimi kusoma sijui. Lakini mtoto anayesimama hivi kwa ajili ya kitu alichokiona, huyo hasemi uongo. Yote aliyoandika humo ndani mimi nayakubali."

Yote. Mzee wa watu ametembea kutoka Nakwa, anatoa neno lake kwa ajili yangu mbele ya watu, na mimi nimesimama pale na vunjajungu wa kutunga!

"Hapana, babu," nilisema. "Heroe ni kweli. Vunjajungu ni uongo. Sikumwona. Nilimwandika nyumbani ili nimfikie Theophil."

"Yule niliyekusifia?" mwalimu aliuliza.

"Ndiye huyohuyo." Machozi yalinitoka, na yalikuwa ya hasira. Nilijikasirikia mwenyewe. Wiki nzima nimepigania mstari mmoja, kumbe nimeubeba mwingine mchafu!

Sikungoja kuambiwa. Nilichukua kalamu nikachora msalaba kwenye ukurasa wote wa wiki ya tatu. Aina sita zikaenda na maji, na darubini ikaenda kwa Theophil.

Mwalimu Natalia alitukusanya. "Leo hata mimi nimefundishwa," alisema. "Niliusifu uongo kwa sababu ulinifurahisha, nikaukataa ukweli kwa sababu sikuutarajia. Lakini nanyi sikieni. Kumbishia mwalimu ukiwa na haki ni ujasiri. Kujisema mwenyewe wakati umeshashinda ni ujasiri mkubwa zaidi. Ukitaka watu waamini neno lako, usiwape hata moja la uongo, kwa sababu hilo moja litayatia shaka yote ya kweli."

Mzee Nestory alinishika kichwa. "Nilisema yote nayakubali," akasema. "Sasa nayakubali zaidi." Akachukua fimbo yake akaenda kuwafuata ng'ombe wake.

Tulipokuwa tunarudi, Theophil alinifikia, darubini ikimning'inia shingoni. "Nakuazima dakika tano," alinichokoza, "ukikubali tu kwamba heroe hakuwepo."

Niliitazama darubini. Nilikuwa bado naitaka.

"Kaa nayo," nilimwambia. "Alikuwepo."