Wiki Ambayo Mungu wa Jiko Hayupo

Asubuhi uani kwetu huanza na ndoo. Mfereji ni mmoja tu, na wakati wa baridi maji huganda ndani yake, basi anayewahi huumwagia maji ya moto kutoka birikani, na wengine hupanga ndoo zao na kuanza kusema watu. Ukitaka kujua nani kagombana na mkwe wake na nani kanunua nyama nono akaificha, njoo mferejini kabla ya chai.

Suyun alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Kila siku kabla ya kwenda shule alichota maji, akamwaga majivu ya jiko, kisha akamletea bibi yake matofali ya makaa ya mawe, yale ya duara yenye matundu kama sega la nyuki. Na kila asubuhi, umbea ukiwa umenoga, alipita Babu Pang na brashi yake ya mpini mrefu.

"Bomba lenu linapumua?" aliuliza kila mlango.

"Linapumua kuliko wewe!" akina mama walimjibu, na watu wakacheka.

Babu Pang alikuwa mkagua tiketi kwenye treni, sasa mstaafu, akiishi peke yake chumba cha mwisho, kando ya kibanda cha makaa. Kwetu kila chumba hupashwa moto kwa jiko la makaa, na bomba la bati huitoa nje hewa yake ya sumu. Bomba likiziba, hewa hiyo hurudi ndani. Huioni, na ukiwa umelala huisikii. Mtu hulala mzima, asiamke. Mtoto wa huku hujua hayo kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo Babu Pang alipanda ngazi, akagonga mabomba ya watu, akasugua masizi, akashuka uso mweusi kama sufuria, na hakuna aliyemlipa hata senti.

Badala ya kumshukuru, tulimsema. Kisa kilikuwa ukuta wake. Juu ya kila jiko uani kuna picha ya karatasi ya mungu wa jiko, mzee mwenye ndevu na mashavu mekundu. Yeye huangalia na kuandika mwaka mzima nani kaiba, nani katukana, nani kamnyima mgeni chakula, na mwaka ukiisha hupanda mbinguni kutoa habari zetu. Ukuta wa Babu Pang ulikuwa mtupu. Hakuwa na picha wala ubani.

"Mtu asiye na wa kumwogopa, shoga, wafungie kuku wako," Bibi Geng, bibi yake Suyun, aliwaambia wenzake.

"Kuku wako wamejaa uani miaka yote, Bibi Geng," Babu Pang alimjibu akiwa juu ya ngazi, tena akisafisha bomba la huyohuyo Bibi Geng. "Nimekula wangapi?"

"Nitajuaje? Labda unangoja wanenepe."

Ilipofika jioni ya tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa mwisho, kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo, wiki moja kabla ya mwaka mpya, Bibi Geng alibandua picha iliyokwisha kuwa nyeusi kwa moshi. Aliyeyusha peremende ya kunata, akaipaka midomoni mwa mungu wa jiko kwa kidole.

"Huko juu sema mazuri," alimbembeleza. "Mabaya yaache hukuhuku."

Kisha akaichoma picha uani ili mwenyewe apande na moshi. Picha mpya ingebandikwa mkesha wa mwaka mpya, ndipo angerudi.

"Sasa jikoni kuna nani, Bibi?" Suyun aliuliza.

"Hakuna mtu. Wiki hii jiko halina mwenyewe." Bibi akacheka. "Ndiyo maana wenye mambo ya kuficha huharakisha harusi siku hizi. Nani wa kuwauliza?"

Dapeng, mtoto wa jirani aliyekuwa akisoma na Suyun, alikuwa amesimama hapo akilamba mwiko wa peremende. Maneno hayo aliyasikia yote.

Kesho yake ilikuwa siku ya kufagia nyumba. Shule zilikuwa zimefungwa, na watoto walifukuzwa nje pamoja na vumbi. Dapeng alimvuta Suyun nyuma ya kibanda cha makaa.

"Yule mzee alitunyang'anya fataki zetu. Umesahau?"

"Tulikuwa tunazilipua karibu na makaa," Suyun alisema.

"Kwani ni makaa yake? Tumzibe bomba. Chumba kijae moshi, atoke mbio anakohoa kama mbuzi. Halafu tunazibua, basi."

"Ni vibaya, Dapeng."

"Ataandika nani? Si bibi yako kasema hakuna mtu? Mwoga wewe! Nenda ukamsaidie bibi yako kufuta sufuria."

Suyun hakupenda kuitwa mwoga. Aliingia ndani, akatwaa glavu kuukuu ya baba yake, aliyekuwa akijenga maghorofa mbali kusini. Babu Pang alikuwa amekwenda kuoga kwenye bafu la mtaa. Walipanda juu ya kibanda, wakaisokomeza glavu ndani ya bomba lake, wakajificha wakingoja kucheka.

Babu Pang alirudi, shingo nyekundu kwa maji ya moto, akaingia na kufunga mlango. Walingoja. Hakukutoka moshi, wala kikohozi. Tofali la makaa likishakolea halitoi moshi. Walingoja mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, ndipo mama yake Dapeng akamwita akale.

"Tuitoe," Suyun alinong'ona.

"Atatuona. Kesho!"

Suyun alirudi nyumbani. Alijua hasa kile ambacho kila mtoto wa huku anakijua. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Lakini kutoka kulitaka maelezo, na maelezo yangeleta viboko. Alitazama ukuta juu ya jiko, palipokuwa na alama nyeupe ya picha iliyobanduliwa. Siku nyingine yoyote macho yale ya karatasi yangemtoa mbio. Siku ile hapakuwa na macho. Akala tambi zake, akalala.

Asubuhi ndoo zilipangwa kama kawaida.

"Mkaguzi wetu leo kalala!" mama yake Dapeng alisema.

"Asiye na mungu hulala kama nyati," Bibi Geng akadakia. "Atajiamsha kwa ajili ya nani?"

Wote wakacheka. Suyun alimtazama Dapeng. Dapeng alitazama viatu vyake. Suyun akaiachia ndoo, maji yakawamwagikia watu miguuni, naye akakimbia, akaparamia kibanda, akaichomoa glavu na kupiga kelele, "Babu Pang! Bomba lake limeziba! Mfungulieni!"

Mama yake Suyun, aliyekuwa kwenye foleni ya ndoo, ndiye aliyevunja mlango, kwa bega lake. Walimburuta Babu Pang mpaka kwenye theluji. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyetoka kucheza, na hilo liliwatisha watu kuliko kama angekuwa amepauka, maana ndiyo rangi ya aliyeshikwa na hewa ya makaa. Alikuwa akipumua, kwa shida. Walimpakia kwenye guta la muuza kabichi, wakampeleka hospitali.

Suyun alibaki amesimama na glavu mkononi.

"Mtoto ana macho huyu!" mama yake Dapeng alisema. "Kaona bomba limeziba, sisi watu wazima tunacheka tu!"

Bibi Geng aliichukua glavu, akaigeuza. Kwenye dole gumba palikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa buluu. Uzi ule ulikuwa wake, na mshono ulikuwa wake. Alikitazama kiraka kwa muda, kisha akaitia glavu mfukoni mwa aproni.

"Mbingu zimempiga kofi asiyeamini," alisema kwa sauti ya kusikika ua mzima, "halafu zikamtuma mjukuu wangu amwokoe."

Nyumbani aliitupa glavu jikoni, ikashika moto.

"Bibi, ni mimi niliye..."

"Sijasikia."

"Bibi, mimi ndiye..."

"Nimesema sijasikia! Mungu wa jiko hayupo, hakuona kitu. Akirudi, habari hii itakuwa ya mwaka jana. Baba yako yuko njiani. Unataka tumpokee kwa aibu? Kula!"

Siku zilizofuata Suyun alisifiwa mpaka akachoka. Mama yake Dapeng alimletea paja la kuku. Kila alipopita, mtu alimshika kichwa. Dapeng alimpita akinong'ona, "Funga mdomo, nami nitafunga." Usiku Suyun hakulala, mchana hakula, na Bibi akasema mtoto kashtuka, atapoa.

Mkesha wa mwaka mpya Babu Pang alirudishwa. Nasi, kama tunavyojijua, tulijaa chumbani mwake hadi mlango haukufungika. Bibi Geng alileta bakuli la jiaozi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye nyama ndani, vikifuka mvuke, na chini ya kwapa picha mpya ya mungu wa jiko.

"Pang, umepewa onyo," alisema. "Uzee huu unangoja nini tena? Bandika."

Babu Pang alikuwa amekaa kitandani. Mikono yake ilitetemeka hivi kwamba chai ilimwagika magotini, na maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayeyatafuta gizani.

"Nibandikieni," alisema.

Watu wakapiga makofi. Bibi Geng akalowesha gundi.

"Lakini wewe Bibi Geng unayajua mambo haya," Babu Pang aliendelea. "Hebu niambie. Nilikosa nini?"

Makofi yakafa.

"Nimelala hospitali nikitafuta kosa. Siku mke wangu alipokufa mimi nilikuwa kazini. Aliniomba nisiende, nikaenda, niliogopa kufukuzwa. Labda ni hilo. Au yule mama. Alipanda treni na mtoto mgongoni, hana tiketi, nje baridi kali. Sheria ni sheria, nikamshusha. Sikujua walifika wapi. Labda ni hao." Machozi yalimtiririka, na mikono haikuweza kuyafuta. "Nilidhani nimeishi vizuri. Kumbe nimeishi vibaya mpaka nikastahili kuuawa usingizini. Ni lipi kati ya hayo?"

Wote tulimtazama Bibi Geng. Neno moja tu lingemtua mzee yule mzigo.

"Mbingu zinajua," Bibi Geng alijibu kwa sauti ndogo, akaendelea kupaka gundi.

"Hukukosa kitu!" Suyun alipiga kelele. "Ni mimi! Nilitia glavu ya baba kwenye bomba lako, Babu. Tulitaka utoke unakohoa, tucheke. Jioni nilijua unalala mle, nikaogopa kusema."

Kofi la Bibi Geng lilimpata kabla hajamaliza. "Mtoto ana homa! Msimsikilize!"

"Mama, basi," mama yake Suyun alisema, akaushika ule mkono ulioinuliwa. "Ana homa gani? Glavu iko wapi?"

Bibi Geng aliuchomoa mkono wake, akageukia ukuta. Nyuma ya watu, mama yake Dapeng alikuwa keshamshika mwanawe mkono anamtoa. "Wangu hakuwepo," alisema mlangoni, ingawa hakuna aliyemuuliza, na mpaka leo husema hivyo hivyo.

Babu Pang alimtazama Suyun. Hakumwambia pole wala asante.

"Ondoeni hiyo picha," alisema. "Na ninyi tokeni. Wote."

Mwaka mpya ule haukuwa mtamu nyumbani kwa akina Suyun. Baba yake alifika na koti jipya la pamba alilomnunulia, akalirudisha sandukuni, akampeleka binti yake kupiga magoti mlangoni kwa Babu Pang. Mlango haukufunguliwa. Bibi Geng hakumsemesha mjukuu wake sikukuu nzima. "Nilikusitiri, ukaniumbua mbele za watu," ndilo neno alilomwambia mwishoni. Mferejini, waliomshika kichwa kwa sifa sasa walivuta ndoo zao kando akipita. Baba yake alisafisha mabomba yote uani kabla ya kurudi kazini, kisha wanaume wakakubaliana kushika zamu, na hawajaacha kugombana juu ya zamu hizo.

Vidole vya Babu Pang havikurudi sawa. Hakuweza kufunga vifungo. Mama yake Suyun aliamua kwamba kila asubuhi Suyun aende amfunge koti, na siku moja mlango ukafunguliwa. Kwa siku nyingi hawakuzungumza. Suyun alifunga vifungo kuanzia chini kwenda juu, akamwaga majivu, akaondoka.

Asubuhi moja, akimfunga koti, alijikaza akauliza, "Babu, wewe huamini kwamba kuna anayeandika mema yetu. Hukulipwa, na watu walikucheka. Mbona ulikuwa unapanda ngazi kila siku?"

"Mlikuwa mnalala humo ndani," Babu Pang alisema.

"Basi?"

"Basi. Ulitaka kuwe na nini tena?" Alivuta pumzi. "Sikuambii umwache mungu wenu. Mama yako huchoma ubani, na ndiye aliyevunja mlango wangu kwa bega. Lakini hakusimama kwanza kuuliza nani anamwona. Alijua kuna mtu ndani, akavunja. Mtoto akifundishwa kuwa mwema kwa sababu anaangaliwa, siku asipoangaliwa ataua. Wewe umekaribia. Ukitaka kutenda jambo usiulize nani ataona. Uliza nani ataumia."

Suyun aliinamisha kichwa. Kilibaki kifungo cha shingoni.

"Nawe ulijua kwamba mimi nalala mle," Babu Pang alisema.

Suyun alikifunga kifungo. Alitamani kusema alikuwa mtoto, kwamba Dapeng ndiye aliyeanza, kwamba Bibi ndiye aliyesema jiko halina mwenyewe. Hayo yote yalikuwa kweli, na hakuna lililotosha.

"Ndiyo, Babu," alisema. "Nilijua."

"Haya," mzee alisema. "Kuanzia hapo tunaweza kuongea."