Nimepokea, na Vilivyomo

"Elfu ishirini na mbili!" nilimfokea. "Nimesema ishirini na mbili. Hizi sitini za nini? Nimekuomba sadaka mimi?"

"Chukua tu, fundi. Iliyozidi ni yako."

"Si yangu! Kazi ina bei yake. Leo unanizidishia, kesho utasema nilikuibia."

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Tulisimama mbele ya gereji yangu, yeye na noti zake, mimi na grisi hadi viwikoni, lori lake la bluu likinguruma pembeni. Watu wanamwita Mzee Magogo, kwa kuwa ndiyo anayobeba miaka yote. Nimegombana na wateja wengi wasiotaka kulipa. Wa kulazimisha kulipa zaidi alikuwa huyu wa kwanza. Ilitakiwa nishtuke, ila nilikuwa nimechoka. Tangu saa nne asubuhi nilikuwa chali chini ya deshibodi ya lile lori, na mgongo ulishaacha kuuma, ukabaki kunilaumu tu.

"Basi," akasema, "hiyo iliyozidi ni ya kunitupia ile mota ya zamani ya hita."

Mota ilikuwa juu ya meza yangu ya kazi, nimeifunga kwenye gazeti. Ndiyo desturi yangu: spea niliyoitoa namrudishia mwenyewe mkononi, asije akasema nimemuuzia maneno.

"Mimi situpi mali ya mtu. Beba mzigo wako."

Hakuigusa. Alirudi nyuma hatua moja.

"Basi ipokee wewe. Nakukabidhi. Sema umepokea, tuachane kwa amani."

Nilitaka aondoke. Nilitaka maji ya moto na kitanda. Nikasema kama ninavyosema kila siku:

"Nimepokea, na vilivyomo."

Mzee Magogo akashusha pumzi. Pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Akapanda lori, akaondoka bila hata kuwasha taa. Noti zote za elfu sitini ziliachwa juu ya gazeti.

Maneno hayo nimeyaandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao mlangoni: GARI LIKIPOKEWA, LIMEPOKEWA NA VILIVYOMO. Mteja mmoja aliwahi kunisingizia wizi wa jeki. Sikusoma mimi, ufundi nimeuiba kwa macho, lakini jina langu ni safi. Toka siku ile kila gari naliandika na kila kilichomo, kisha natamka. Asubuhi ile Mzee Magogo aliusoma ubao mara mbili, midomo ikimcheza. Nikadhani hajui kusoma vizuri.

Alikuja akilalamika kwamba hita haipulizi. Njia ya mlimani ina ukungu, na kioo kikishika mvuke kwa ndani, dereva haoni hata pua ya gari lake. Nikaanza na fyuzi. Nzima. Nikachomeka taa ya kupimia kwenye soketi ya mota, ikawaka, umeme unafika. Nikazungusha swichi namba zote nne. Kimya. Ingekuwa inazunguka namba ya juu peke yake, ningesema rezista ya kupunguza kasi imeungua. Lakini ilikuwa kimya kote. Nikaigonga kwa mpini wa nyundo, maana mota nyingine ni kama mlevi, huamka kwa kofi.

Haikuamka.

Nikafungua nati tatu za spana namba nane, na mota ikaniangukia kifuani.

Ilikuwa na joto.

Lori lililala nje kwenye baridi usiku kucha. Mota yenyewe haizunguki. Joto la nini? Nikasema ni jua. Hakukuwa na jua.

Nikaiunganisha moja kwa moja na betri. Hata cheche haikutoa.

"Imekufa hii," nikamwambia.

"Una hakika, fundi?"

"Imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Mzee, unataka tuizike?"

Hakucheka.

Nikanunua mota iliyotumika kwa Mama Spea, mwanamke mwenye duka ng'ambo ya barabara, elfu kumi na tano. Nikaifunga. Hita ikapuliza vizuri. Ufundi wangu elfu saba. Jumla ishirini na mbili. Hapo kuna siri gani?

Sasa turudi jioni ile. Nilikuwa nafunga mlango niliposikia...

Hhhh...

Nikadhani ni tairi linavuja.

Hhhh...

Mezani. Gazeti lilikuwa linabonyea kwa ndani, linaachia, linabonyea tena. Nikalifunua. Kizimba cha feni, lile gurudumu la mapanga lililoshikana na mota, kilikuwa kinazunguka taratibu, kinyume. Hakuna waya. Hakuna betri. Nikasogeza mkono.

Feni kazi yake ni kupuliza. Hii ilikuwa inavuta.

Na harufu ikapanda. Si ya mafuta, wala ya waya ulioungua. Harufu ya chumba cha mgonjwa: dawa ya kuchua, shuka lisilobadilishwa, mdomo wa mtu aliyelala siku nyingi.

Nikamulika kwa tochi. Kwenye ekseli ya feni ulikuwa umezungushiwa utepe wa kitambaa, kama uliochanwa kwenye shuka. Una mafundo mawili, yamekazwa sana. La tatu lilikuwa kitanzi tu, bado halijavutwa.

Mimi nikiogopa huwa natukana. Nilitukana sana. Nikaibeba hiyo mota hadi nyuma ya gereji, nikaitosa kwenye shimo la oili chafu, nikaiangalia ikizama mpaka mwisho.

Nyumbani mke wangu alinifungulia mlango, akachungulia nyuma yangu.

"Umekuja na nani, Baba Watoto?"

"Na nani tena? Peke yangu."

"Mbona kama kuna mtu anahema?"

Usiku huo akaanza kukohoa.

Asubuhi mota ilikuwa mezani. Kavu. Haina tone la oili. Imefungwa kwenye gazeti vilevile, na kwa mkunjo wangu mimi, ule wa pembe ndani ambao hakuna mwingine anaoukunja.

Siku ya pili mke wangu alipanda ngazi tatu za jikoni akapumzika mara mbili. Siku ya tatu hakutoka kitandani. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu ni safi, hajui pumzi inakwenda wapi.

Mimi nilijua.

Kile kitanzi kilikuwa kinapungua. Jana kilipitisha kidole gumba, leo kidole cha mwisho. Kama kamba ya kiatu inayovutwa na mtu asiye na haraka. Nikachukua kisu nikaanza kuukata utepe. Uzi mmoja tu ulikatika. Simu ikalia. Dada wa mke wangu, analia: "Shemeji, njoo! Amegeuka rangi!"

Nikatupa kisu. Sikukigusa tena.

Nikaibeba mota kwa Mama Spea. Kabla sijavuka kizingiti chake akaniinulia mkono.

"Weka chini. Chini, nakwambia! Sipokei."

"Sijakuambia upokee."

"Wewe sema utakalo, mimi neno hilo sisemi." Akashusha sauti. "Aliniletea hiyo mwaka jana, baada ya kumzika mkewe. Kwa bei ya bure, alikuwa ananipa na pesa juu. Nikamuuliza, bidhaa gani hii muuzaji ndiye anayelipa? Akaenda kwa fundi wa chini ya daraja. Yule kijana alikuwa akiishi peke yake, hana mke wala mtoto. Alipokea."

"Yuko wapi? Nikamuulize."

Mama Spea akanyosha kidole kuelekea makaburini.

Nikayahesabu mafundo kichwani. Mawili.

"Akafa, ikarudi kwa mwenyewe," akasema. "Kitu cha hivyo hakitupwi, fundi. Kinakabidhiwa. Na aliyekabidhiwa lazima akubali kwa mdomo wake. Wewe na ubao wako ule... kwa nini usimpe tu mtu risiti kama wenzako?"

Nikaibeba mota, nikatoka.

Ningeweza kuifunga gazeti jipya, nikamuuzia mpita njia. Naijua hiyo njia. Wenzangu wanauza vibovu kila siku. Mimi sijawahi kumpa mtu kitu bila kumwambia kilichomo, na sikutaka kuanza na hiki. Nikaenda mizani, kule malori yanakopanga foleni kupimwa uzito.

Lori la bluu lilikuwa la nne. Vioo vimepandishwa, ndani kuna joto, na Mzee Magogo amenawiri mashavu. Pembeni yake amekaa mwanamke kijana, tumbo limeshatangulia mbele. Mke mpya. Akashusha kioo kabla ya mumewe, akanichekea.

"Ndiye fundi huyu? Asante sana, fundi. Hita yako inapuliza mpaka nasinzia."

Nilikuwa nimeikumbatia mota kifuani, na chini ya gazeti ilikuwa inavuta taratibu. Hhhh... Nilizijua pumzi zile, za mke wangu. Nimelala kando yake miaka kumi na tisa.

Mzee Magogo akateremka, akanivuta kando.

"Si hapa, fundi," akanong'ona. "Nakuomba. Anasikia."

"Nani alikufungia utepe ule?"

"Nilitaka kazi ya mizigo isikatike. Mganga akaniambia gari litahitaji pumzi, basi. Sikuambiwa ya nani." Machozi yalimlengalenga. "Wa kwanza alikuwa mke wangu. Nikipokea tena, unajua itakwenda kwa nani. Umemwona alivyo."

"Nimemwona."

"Tafuta mwingine. Mzee mmoja tu, asiye na mtu. Nitakulipa laki mbili. Laki tatu."

Foleni ikasogea. Dereva wa nyuma akapiga honi. Yule mwanamke kwenye lori akakohoa, kikohozi kidogo tu cha vumbi, na Mzee Magogo akageuka haraka kama aliyechomwa.

Mfukoni simu yangu ilikuwa inatetemeka. Sikuitazama. Gazeti lilibonyea... likachelewa kuachia... likaachia.

Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa nimechoka tu. Nikamsomea kilichomo, kama ninavyomsomea kila mteja: mota moja, kizimba kimoja, utepe mmoja, mafundo mawili na kitanzi kimoja. Nikatoa noti zake, nikaziweka juu ya gazeti.

"Elfu thelathini na nane, chenji yako. Hesabu. Na hii ni spea yako ya zamani. Toa mikono, yote miwili. Unanidai pesa, nimekulipa. Mimi nakudai maneno matatu, Mzee. Yaseme."