Watu Kumi na Saba wa Lwala

Katika zama zile pembe za ndovu zilipokuwa zikitoka bara kwenda pwani mabegani mwa watu, palikuwa na utawala mdogo ulioitwa Igombwe, magharibi ya nyika ya Lwala. Watu wake walikuwa wakulima wa mtama na wachukuzi wa mizigo, na mwanamume hakuhesabiwa mtu mzima kabla hajaiona bahari. Aliyetangulia mbele ya msafara aliitwa kirangozi, na katika virangozi wote wa Igombwe hapakuwa na aliyesifiwa kama Msabila mwana wa Lugereka. Alivaa joho jekundu na taji la ngozi ya mbega lililochomekwa manyoya ya mbuni. Alipopuliza baragumu lake, watu waliinama kwa pamoja na kuinuka na mizigo yao.

Mwaka mmoja wa ukame, Msabila alirudi kutoka pwani akiwa ameshikwa kwapa na watu wawili, kwa maana miguu yake ilikwisha kukataa kumbeba. Alikuwa ameondoka pwani na watu arobaini, wamechukua majora ya merikani na kaniki, shanga nyekundu na nyaya za shaba. Waliorudi walikuwa ishirini na watatu. Kumi na saba walilala Lwala, wameuawa na kiu, na miongoni mwao alikuwa Mhoja, mume wa Kalunde, dada yake Msabila wa tumbo moja.

Igombwe walilia, lakini hawakumlaumu. Walisema mvua ilikataa mwaka ule, na mtu hawezi kuamrisha mvua. Kalunde mwenyewe, na kaniki ya matanga mwilini, alimpeleka kaka yake nyumbani kwake, akamlaza kwenye ngozi ya ng'ombe, akawa anamnywesha uji wa mtama asubuhi na jioni. Msabila alifumba midomo. Siku ya tisa mbavu zake zilionekana zote, na Kalunde akamwambia kwamba amekwisha kumzika mmoja bila kumwona, hataki kumzika wa pili akimtazama.

Hapo Msabila akafungua kinywa, akamwambia jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Siku ya pili ndani ya nyika alikuwa ametangulia peke yake hadi bwawa la Mabwe, akalikuta limekauka, matope yamepasuka kama kigae. Viriba vilikuwa bado vina maji ya kuwarudisha watu walikotoka. Lakini alikwisha kujisifu pwani kwamba atafika Igombwe kabla ya Katunge, kirangozi mwenzake aliyefuata njia ndefu ya Ugogo. Akasimama pale juani, akawaza jinsi Katunge atakavyocheka. Kisha akarudi akawaambia watu kwamba bwawa lina maji ila yamechafuliwa na mizoga, na kwamba mbele liko jingine safi, akawapitisha mbali wasilione. Hakuwa na hakika ya hilo la mbele. Nalo walilikuta kavu.

Kalunde alikoroga uji uliokuwa ndani ya kata. Kisha akauliza, "Mhoja alijua?"

"Hakujua. Aliwaambia wenzake wasihofu, shemeji yake anaijua njia."

Dada yake akaweka kata ya uji chini, akafunga kaniki yake vizuri, akatoka. Tangu siku hiyo hakumletea uji wala hakumsemesha.

Msabila alingoja kifo, nacho hakikuja. Asubuhi ya tatu aliona njaa, na njaa ile ilimtia aibu kuliko yote yaliyotangulia. Alikunywa uji uliochacha, akachukua fimbo, akaenda kwa kujikokota hadi nyumba ya mchukuzi aitwaye Igulu, wa kwanza kufa. Alimkuta mama yake akipepeta mtama. Akaketi chini, si juu ya kigoda alichopewa, akamweleza yote: bwawa, uongo, na jinsi Igulu alivyoanguka adhuhuri ya siku ya nne, chini ya mti wa mgunga, akiomba apunguziwe mzigo.

Mama yule hakupiga kelele. Aliuliza kama walimfumba macho. Msabila akajibu kwamba alimfumba yeye mwenyewe. Mama akaendelea kupepeta, na Msabila akaondoka.

Alizipitia nyumba zote kumi na saba. Ilimchukua mwezi mzima na siku kadhaa, maana nyingine zilikuwa katika vijiji vya mbali, na nyingine ilimbidi arudi mara ya pili, moyo ukiwa umemwishia mlangoni. Katika nyumba ya tano ndugu wa marehemu walimpiga kwa mipini ya majembe hata mkono wake wa kushoto ukavunjika, nao ukaunga vibaya. Katika nyumba ya kumi na moja mjane alimtaka arudie maneno ya mwisho ya mumewe, akayarudia mara tatu, na mjane akamchotea maji ya kunywa. Yale maji yalimshinda kumeza kuliko kile kipigo.

Habari zikafika ikulu. Mtemi wa Igombwe siku hizo alikuwa mwanamke, Nyanzala, mtu wa maneno machache. Alimwita Msabila barazani, akamvua joho na taji mbele ya watu, akamkataza kuongoza msafara wowote. Msabila alipiga magoti, akashukuru kwa kutoambiwa afe, akaomba jambo moja tu, kwamba aruhusiwe kwenda Lwala kuizika mifupa.

Alikwenda kila kiangazi kwa miaka minne. Alijenga kibanda ukingoni mwa nyika, akalima mtama wake kwa mkono mmoja na nusu. Mifupa aliipata ya watu kumi na wanne. Alikuwa akichimba kaburi siku moja kwenye mkondo wa mchanga alipoona udongo wa chini ni wa baridi; akachimba zaidi, na alipofika kina cha mtu mzima, maji yakatoka. Tangu hapo alichimba makaburi na visima pamoja. Ziko siku alizolala kifudifudi mchangani kutwa nzima bila kushika jembe. Nyingine alizungumza na waliokufa kama mtu azungumzaye na wenzake kambini, akiwaeleza njia ya kesho. Huzuni haikumwondoka. Alijifunza kuamka nayo na kulima nayo, basi. Mwisho wa mwaka wa nne alikuwa na visima vitatu, cha pili mwendo wa siku moja kutoka cha kwanza, na cha tatu siku moja na nusu kutoka cha pili, amevizungushia miiba.

Kiangazi kilichofuata, Lukwila, mbabe wa vita kutoka kaskazini, aliishukia Igombwe na rugaruga mia saba, wapiganaji wake wa kukodiwa, wamevaa vilemba vyekundu na njuga miguuni, wenye magobori na mikuki mirefu. Waliuzingira mji, wakaukata mto uliouletea maji. Watu wakashikilia boma siku kumi na moja. Msabila alikuwa ndani, maana vita vilimkuta amekuja kuuza mtama. Siku ya kumi na mbili Mtemi Nyanzala akamwita.

Alimwambia kwamba lango la mashariki limeachwa na walinzi wachache, kwa kuwa Lukwila anajua hapana mtu awezaye kukimbilia Lwala. Akamuuliza kama pana maji huko.

"Yapo, Mtemi. Lakini nikitangulia mimi, watu hawatafuata."

"Waambie mwenyewe," akasema Mtemi. "Mimi nitakuwa wa kwanza nyuma yako."

Msabila akasimama mbele ya watu wapatao mia tatu, wengi wao wanawake, wazee na watoto. Hakuwapamba kwa maneno. Aliwataja kumi na saba kwa majina, akasema yeye ndiye aliyewaua. Kisha akaeleza visima, na kwamba huenda kimoja kikawa kimefukiwa, na kwamba safari hii atakachokiona yeye wataambiwa wote. Watu walinung'unika. Mama yake Igulu, aliyekuwa amezeeka sana, alijitwika kibuyu chake na kusogea mbele. Wengine wakaanza kufunga mizigo.

Katunge, yule kirangozi mwenzake, alikuwa amechagua kubaki. Alfajiri yeye na watu sitini wangefungua lango kuu na kuwashambulia adui, ili macho yote yaelekee huko. Kabla ya kuachana alimshika Msabila ule mkono ulioharibika.

"Mara nyingi nimejiuliza," alisema, "kama ningekuwa mimi pale Mabwe. Sijawahi kupata jibu la kunipa usingizi."

Hawakuonana tena. Msafara ulipokuwa umekwenda kiasi cha kuliona boma kwa mbali, moshi ulikuwa umekwisha kupanda, na milio ya magobori ilikuwa imekoma.

Kisima cha kwanza walikikuta kizima. Cha pili Msabila alikifikia mbele ya wenzake, kama siku ile, akakuta nyati ameangukia ndani na kuoza. Alisimama juu ya shimo. Baadaye alisema kwamba yale maneno ya uongo yalimjia yenyewe, tayari, mazuri, na akayaogopa kuliko rugaruga. Akageuka, akawangoja wote wafike.

"Hapa hapana maji," alisema. "Nilitakiwa kukifunika kwa magogo, nikaweka miiba. Kosa ni langu. Viriba vina maji ya siku moja. Tunaweza kurudi kisima cha nyuma, na huenda Lukwila yuko huko. Tunaweza kuchimba hapa pembeni, na huenda tusipate. Cha tatu hatutakifikia hivi tulivyo."

Mwanamume mmoja akamtukana. Ndipo Kalunde, ambaye kwa miaka yote ile hakumtamkia neno, akavuta jembe kutoka kwenye mzigo wake, akauliza, "Pembeni wapi?"

Msabila akamwonyesha. Walichimba kwa zamu tangu adhuhuri, wanaume kwa wanawake, wakitoa mchanga kwa vibuyu na kwa mikono. Wakichimba, mzee mmoja alikufa kivulini, na watoto wachanga wawili, mapacha. Jua likikaribia kuzama, udongo ukawa mweusi, kisha ukatoa maji machafu, machache, kata moja kwa kila mtu. Iliwatosha kufika kisima cha tatu, na kutoka hapo kuifikia nchi ya ng'ambo.

Wenyeji wa huko waliwapa ardhi ya mawe ambayo hakuna aliyeitaka. Igombwe haikujengwa tena. Nyimbo za watu wale ziliweka jina la Katunge na sitini wa lango kuu, na jina la Mtemi Nyanzala aliyevusha watu nyikani. Msabila hakuwekwa katika wimbo wowote, na hatukusikia kwamba alilalamika.

Mvua za kwanza zilipokaribia, alianza kusimamisha kibanda peke yake, mbali kidogo na wengine, akikaza kamba kwa meno kwa sababu ya ule mkono. Siku ya pili Kalunde akaja. Alizitazama nguzo, akazunguka upande wa nyuma, akarudi.

"Mlango ugeuze, kaka," alisema. "Huku upepo utakupiga."

Msabila akang'oa nguzo mbili. Dada yake akazishika zikiwa wima, naye akashindilia udongo.