Ufa Kwenye Shavu la Fedha

Jua lilikuwa linazama, na Bi Lenzi alikuwa anafunga dirisha la chumba chake cha kazi pale makumbusho, mzee mmoja mwenye koti jeusi alipoingia bila hodi. Akamwaga sarafu saba mezani.

"Nipangie tu, mama. Ipi ilitangulia, ipi ilifuata."

Harufu ya chuma cha moto ikajaa chumba. Alipoinua macho amwambie arudi kesho... mzee hakuwepo.

Wenzake walimwita Bi Lenzi kwa ile lenzi aliyoning'iniza shingoni miaka ishirini. Sarafu nzuri ndiyo ilikuwa ugonjwa wake. Akaketi.

Fedha ya Wagiriki wa kale. Kichwa cha mwanamke, pomboo wanne wakimzunguka: mji wa Sirakusa, karne ya tano kabla ya Kristo. Hilo halikumtoa jasho. Zote ziligongwa kwa chapa moja ya chuma, na chapa ikigongwa sana hupata ufa unaoonekana kwenye sarafu. Ufa hukua. Ukiufuata, unajua ipi ilitangulia.

Ya kwanza, shavu safi. Ya pili, uzi mwembamba chini ya jicho.

Simu ikalia. Ni mdogo wake, kitinda mimba wao, aliyekuwa akiishi naye.

"Dada, kuna kitu kimenichora usoni. Hakiumi."

"Atakuwa paka. Jipake mafuta, nakuja."

Ya tatu. Ya nne. Ufa ukateremka shavuni.

Simu tena.

"Dada... kinashuka."

Akaitazama ya nne kwenye taa. Pua ile. Kidevu kile. Alikuwa anamtazama mdogo wake.

Akazivuruga sarafu zote kwa kiganja.

"Kimefutika?" akauliza kwenye simu.

"Hapana." Sauti ikawa ndogo. "Dada, unafanya nini huko?"

Macho yake hayakujua tena kutouona mpangilio. Zilivyotawanyika tu, yakaiokota ya tano. Yakaiokota ya sita.

Ufa ulikuwa umefika kwenye mdomo.

Ya saba ilianguka kifudifudi. Akaifunika kwa mkono, akafumba macho.

"Umemaliza?"

Mzee. Nyuma ya sikio lake.

"Sijamaliza. Sitamaliza!"

"Haidhuru." Vidole vya baridi vikaichomoa sarafu chini ya kiganja chake. "Wataalamu wapo wengi."

Akageuka amdake koti. Akashika hewa; mezani haikubaki sarafu hata moja. Mlinzi wa mlangoni aliapa kwamba hakuingia mtu, hakutoka mtu.

Daktari aliyempima mdogo wake hakuona jeraha. Aliona mstari tu, kuanzia jichoni hadi mdomoni. Bi Lenzi akawapigia simu wataalamu wote aliowajua, akiwasihi wasizipange sarafu za mzee huyo. Wengine walicheka. Mmoja, wa mbali sana, aliuliza kama ni saba, kisha akakata simu.

Jana asubuhi mdogo wake alimwita kutoka bafuni. Hakupiga kelele. Aliita polepole, kama mtu anayeogopa uso utapasuka akifungua mdomo: "Dada... kinashuka tena."